Rangi za Akai

Mama alipostaafu kazi ya uuguzi nilikwenda Kakuma kumsaidia kufunga nyumba. Kwa mtu ambaye maisha yake yote alikuwa akisema hana kitu, alikuwa na vitu vingi ajabu: sufuria zisizo na mifuniko, mifuniko isiyo na sufuria, makopo ya maziwa ya unga yaliyotunzwa ndani ya makopo mengine. Chini kabisa ya sanduku la bati, ndani ya shuka la hospitali ambalo sikuuliza lilifikaje nyumbani, nikaikuta kompyuta yangu ya kijani. Niliifungua, na kabla sijaona chochote nikasikia harufu ya plastiki iliyoshinda juani, vumbi, na kitu kama raba ya kufutia. Nikakaa juu ya sanduku. Mama akaniuliza kama ni nge. Nikamwambia si nge.

Mtu aliyesoma shule ya msingi Lodwar wakati wangu huenda anaikumbuka. Ilikuwa kompyuta ya bei ndogo, iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto, yenye mpini wa kushikia kama kikapu na vitufe vya mpira ambavyo vumbi halikuweza kupenya. Juu ilikuwa na masikio mawili ya kusimamisha, nasi tuliambiwa kwamba kwa hayo ndiyo inasikia kompyuta nyingine. Kioo chake kilisomeka hata juani, na hilo lilitufaa, maana darasa lilikuwa na joto kiasi kwamba Mwalimu Ekiru alitufundishia nje, kwenye kivuli cha tangi la maji. Kila mtoto alipewa yake kabisa, si ya shule. Mwalimu aliwaita wazazi mkutanoni akawaeleza hivyo, na mama mmoja akauliza ikiugua inapelekwa wapi, huku akimwangalia mama yangu.

"Hizi programu zake hazina mwenyewe," Mwalimu alituambia siku ya kwanza. "Mtu yeyote anatumia bure. Ukibonyeza hapa inakuonyesha vile imeandikwa ndani, na ukijua, unaibadilisha."

Akai, aliyekaa kando yangu akichora mchangani kwa kidole cha mguu, hakuridhika. "Mwalimu, kitu haina mwenyewe ni kitu imepotea. Mwenyewe anatafuta."

Mwalimu alicheka, nasi tukacheka. Akai hakucheka.

Alikuwa rafiki yangu, na niseme wazi, hakuwepo mwingine. Mama na mimi tulikuwa watu wa kuja, kutoka upande wa Kitale, na watoto wa mtaa walicheza nami kama mtu anavyotumia kitu cha kuazima, kwa uangalifu na kwa muda. Akai hakuwa na uangalifu. Aliniita emoit, neno la Kiturkana la mtu asiye wa kwao, hata adui, lakini mbele ya watu alisema "emoit yangu," kama anayetaja mbuzi wake, na wengine wakaniacha kwa amani.

Kitu tulichokipenda kuliko vyote ndani ya kompyuta ile kilikuwa ukurasa wa majirani. Ulibonyeza kitufe kimoja ukajiona katikati: kijitu chenye kichwa cha duara, mikono na miguu imechanuka, na rangi mbili, moja ya mwili na moja ya ukingo. Wenzako wote waliokuwa wamewasha kompyuta zao walionekana wamekuzunguka, kila mmoja kijitu chake. Ukikibonyeza kimoja mliweza kuandikiana. Chini ya kila kijitu palikuwa na nafasi ya jina, lakini watu walioleta kompyuta walikuwa na haraka, wakaziandika zote "mwanafunzi". Haikutusumbua. Rangi uliweza kubadilisha mpaka upendezwe, na Akai alitumia somo zima la hesabu kutafuta rangi za Nareng, mbuzi wake, mwekundu mwenye mstari mweusi mgongoni. Alipozipata alikunja mikono akakataa kugusa kitu kingine. Zangu alinichagulia yeye: kijivu chenye ukingo wa njano, kwa sababu, alisema, sikufanana na mbuzi yeyote anayemjua.

Jambo hili la rangi nalieleza kwa kuwa ndilo lililonipotosha. Akai aliweza kusimama mahali pa juu, mbuzi wa kwao na wa watu wakiwa wamechanganyika bondeni, akasema yupi wao, yupi si wao, na yupi hayupo. Hakuhesabu. Kwao ukishataja rangi ya mbuzi, na baka liko wapi, na pembe zimekaaje, umeshamtaja mbuzi mwenyewe. Nilijifunza kwake kidogo, kama mgeni anavyojifunza, na kama mgeni nikapitiliza: niliamini kwamba katika dunia nzima mwekundu mwenye ukingo mweusi ni mmoja tu, na ni Akai.

Uhamisho wa Mama ulitoka wakati wa likizo. Akai alikuwa Namoruputh kwa nyanya yake pamoja na mbuzi, Nareng akiwa na mimba. Nilimwomba Mama tungoje warudi. "Serikali haingoji mbuzi azae," alisema, akifunga godoro kwa kamba. Tulipanda lori lililokuwa likipeleka dawa Kakuma, kompyuta nimeipakata, na sikumuaga mtu.

Kakuma tulikaa nyumba ya mabati upande wa mji, karibu na lagha ya Tarach, mto ambao karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu. Ng'ambo ya mchanga huo ndiko ilikoanza kambi ya wakimbizi, mabati na matope na miti ya miiba mpaka macho yachoke. Mama alitoka asubuhi kwenda zahanati na kurudi jioni akinuka dawa ya kuoshea sakafu, amechoka hata kunikaripia. Mtaani hakuna aliyekuwa na kompyuta kama yangu. Wasichana waliniomba niwaonyeshe, nikawaonyesha, wakasema ni kitu cha kuchezea watoto wadogo, na urafiki wetu ukaishia hapo.

Nilivumilia kwa kuwa nilijua shule zikifunguliwa Akai atakuwa amerudi Lodwar, na nitamwona kwenye kioo. Siku hiyo nilikimbia nyumbani, nikasimamisha masikio, nikabonyeza kitufe cha majirani. Kijitu cha kijivu kikatokea katikati. Nikangoja. Nikazima, nikawasha. Kioo kizima kilikuwa kitupu, na mimi katikati, nimechanua mikono.

Mtoto wa siku hizi angesema mtandao umekataa. Mimi nilijua nimefutwa. Kwangu ukurasa ule ulikuwa dirisha la darasa letu. Darasa lilikuwepo, tangi la maji lilikuwepo, na kama sikuwaona ni kwa sababu wameamua nisiwaone. Akai amerudi, ameambiwa emoit wake ameondoka bila kuaga, amekasirika, na wengine wamemfuata kama kawaida yao. Nilimwona kabisa akibonyeza.

Ndipo nikakumbuka maneno ya Mwalimu, kwamba programu inaweza kukuonyesha ilivyoandikwa ndani. Nikabonyeza pale. Ikafunguka mistari na mistari ya Kiingereza kisicho Kiingereza, yenye mabano na nukta mahali pasipostahili, nami nikaipitia kwa kidole, alasiri baada ya alasiri, nikitafuta mahali waliponifuta. Nilitafuta jina langu. Nilitafuta la Akai. Nilitafuta Lodwar. Kama programu haina mwenyewe, niliwaza, basi hata mimi naruhusiwa kujirudisha. Nilipokosa nililia, na Mama aliporudi akadhani nina njaa, akanipikia ugali na samaki mkavu. Nilikula, maana njaa pia ilikuwepo.

Nyumba ile ilichemka mchana, hivyo nikaanza kwenda kukaa ukingoni mwa lagha, chini ya mkoma ulioinamia mchanga. Huko niliwasha kompyuta siku moja kwa mazoea tu, na pembeni mwa kioo, mbali na kijitu changu, pakatokea kijitu chekundu chenye ukingo mweusi.

Kwa haraka nikakosea vitufe. Nilikibonyeza, ukurasa wa kuandikiana ukafunguka, nikaandika lile lililokuwa limenikaa kooni.

"Mbona mlinifuta?"

Zikaja herufi moja moja, kama za mtu anayetafuta vitufe: "Miye sikukufuta."

"Mbona sikuoni siku zote?"

"Niko hapa."

"Umekasirika?"

"Hapana. Uko nafanya nini?"

Uandishi ule ulikuwa mgeni kidogo, lakini Akai naye Kiswahili alikivaa kama shati la kaka yake, na mimi sikuwa katika hali ya kuchambua. Nilirudi nyumbani nikiruka. Mama akaniuliza nani amenipa nini.

Tangu hapo kila alasiri tulikuwa pamoja, kwa kadiri betri ilivyovumilia. Nilimwandikia habari za shule, za wale wasichana, za Mama anayelala akiwa bado na viatu. Yeye aliandika machache, mara nyingi "pole" na "endelea". Akai ninayemjua hakuwahi kuniacha nimalize sentensi, lakini nilijiambia amekua. Kijitu chake kilionekana pale ukingoni tu, kamwe si nyumbani, na hilo pia nikalipatia maelezo: mkoma ule uko upande wa Lodwar.

Swali tamu kuliko yote nililiweka akiba, mpaka siku moja nikashindwa kulizuia.

"Nareng amezaa?"

"Amezaa."

"Wangapi?"

"Wawili."

Nikapiga makofi peke yangu pale mchangani. "Wa rangi gani?"

Hapo akakawia. Nilingoja nikitabasamu, kwa kuwa nilijua anapanga. Akai angeanza na kichwa, aje mgongoni, ataje hata kwato. Kisha likaja neno moja.

"Muzuri."

Nikalisoma tena. Hakuna mtoto wa wafugaji, hata akiwa na usingizi, anayeulizwa rangi ya mbuzi wake akajibu kwamba ni nzuri. Hata mimi emoit nisingejibu hivyo. Nikayalaza masikio ya kompyuta, nikaifunga, nikaenda nyumbani.

Asubuhi, Mama akiwa anafunga kamba za viatu, nikamwuliza kama kompyuta yangu inaweza kumwona mtu aliye Lodwar.

"Hiyo? Hiyo haifiki hata zahanati," alisema. "Mwalimu wenu alituambia kwenye mkutano. Hayo masikio yanasikia jirani tu. Zikiwa karibu zinaonana, ukiipeleka mbali zinapoteana. Hukujua?"

"Kwa hiyo Akai hakunifuta."

"Akufute na nini? Yule mtoto saa hii pengine yuko kisimani na mbuzi." Akanitazama, akaiacha kamba ya pili. "Ndiyo maana umekonda hivi?"

Nilipaswa kufurahi. Sikufurahi, na imenichukua miaka kuelewa kwa nini. Mtu aliyekufuta amekufikiria kwanza. Amekutafuta katikati ya wengine, akaamua. Sasa niliambiwa kwamba hakuna aliyeamua chochote. Palikuwa na umbali tu, na umbali hauna kinyongo, huwezi kuubembeleza ukusamehe. Siku hiyo ndiyo niliyojua kwamba niko peke yangu Kakuma, na nilijua hivyo nikiwa darasani, watoto wamenizunguka kila upande, tukikariri hesabu za kuzidisha kwa sauti.

Alasiri nikarudi lagha nikiwa na hasira. Kijitu chekundu kilikuwepo.

"Wewe si Akai."

"Ndiyo. Si miye."

"Wewe nani?"

"Riziki. Wa Kongo."

"Hiyo kompyuta umetoa wapi?"

"Ni ya kituo cha watoto. Saa ya mupira wengine wanaenda kucheza. Miye nabaki nayo."

"Mbona ulisema mbuzi amezaa?"

"Uliuliza kama mutu anataka aambiwe ndiyo."

Hasira iliniishia pale pale, na sikufurahi kuishiwa nayo. Nilimwuliza yuko wapi. Akaandika, "Ngambo ya mto. Kwa seng'enge. Simama."

Nikasimama. Upande wa pili wa mchanga, mbali, karibu na ua wa seng'enge, mtu mdogo aliinua kitu cha kijani juu ya kichwa kwa mikono yote miwili. Nami nikainua changu. Tulisimama hivyo mpaka mikono ikauma. Uso wake sikuuona, wala sikujua kama anacheka. Hakuwa na wekundu wowote. Gauni lake lilikuwa la buluu.

Mama alinikataza kuvuka lagha, na Riziki hakuruhusiwa kutoka kituoni, basi tukaendelea kuandikiana tukijua sasa ni nani anamwandikia nani. Aliniuliza habari za Akai, nikamwambia. Nilimfundisha namna ya kujibu akiulizwa rangi ya mbuzi, akajaribu, akakosea, nikamsahihisha kwa ukali kama Akai alivyonisahihisha mimi. Nilipomwuliza kwa nini alichagua nyekundu na nyeusi, alisema kitenge cha dada yake kilikuwa hivyo. Dada alibaki njiani. Hakusema ni njia ipi, nami sikuuliza.

Kisha mvua ikanyesha milimani upande wa Uganda. Kakuma halikudondoka hata tone, lakini asubuhi moja lagha iliamka imejaa maji mekundu yaliyobeba miti mizima na mbuzi waliokufa, na kwa siku kadhaa hakuna aliyekaribia. Maji yalipoisha nilikuta mkoma wangu umelala. Nilikaa juu ya shina lake nikasimamisha masikio. Kijivu peke yake, katikati. Nilirudi kesho yake, na siku zilizofuata, nikakaa mpaka betri ikazima. Seng'enge ya ng'ambo ilikuwa imesombwa, na mahali pa kituo palikuwa na tope linalokauka. Mama aliniulizia zahanati akaambiwa familia za ukingoni zimehamishwa, nyingine Kalobeyei, nyingine kwingine. Huyu Riziki wangu, kati ya kina Riziki wote, hakuna aliyemjua.

Safari hii sikufungua ile mistari ya programu kutafuta aliyenifuta. Nilimpa Mama kompyuta aiweke mahali nisipoiona, akaikunja kwenye shuka.

Miaka hiyo yote baadaye, tulipomaliza kufunga nyumba ya Mama, tulipakia vitu kwenye lori kurudi Kitale, na lori likasimama Lodwar dereva ale. Nilikuwa nimeipakata kompyuta ile kama siku tulipokuja. Mama akaniambia, "Nenda basi kwa Akai wako. Sitaki unikalie hivyo mpaka Kitale." Akai si mtu mgumu kupatikana, anauza mbuzi mnadani, na kila niliyemwuliza alinyoosha mkono upande uleule. Kabla sijamtambua katikati ya watu na vumbi, yeye alishanitambua.

"Emoit," aliita.

"Ejok, Akai," nikamsalimia.

"Ejok." Alikuwa mnene, amevaa shanga, ameshika mbuzi wa mtu kwa sikio. Akaiona kompyuta mkononi mwangu, na uso ukabadilika. "Na wewe ndiye ulitufuta."

"Mimi?"

"Nilirudi kutoka Namoruputh, nikafungua, kijivu na njano haiko. Nikaambia Mwalimu, emoit ametufuta. Akasema ni mbali tu. Nikamwambia mbali gani, Kakuma si ni hapo? Nilikasirika mpaka mvua ikakuja."

"Kisha ukaacha?"

"Niache nini?" Alinishangaa kweli. "Kila siku naangalia. Mpaka ile yangu ikakufa, bado naangalia. Kitu yako ikipotea, si unatafuta?"

Nililia pale mnadani, katikati ya mbuzi na wanunuzi, mtu mzima wa kazi na heshima zake. Akai aliniacha nilie. Hakuwa ameachilia sikio la yule mbuzi.

"Nareng alizaa?" nikamwuliza nilipoweza.

"Alizaa."

"Wangapi?"

"Mmoja."

"Wa rangi gani?"

Hakufikiri hata kidogo, kana kwamba mbuzi amezaliwa jana. "Kijivu, kichwa mpaka mkia. Tumbo na miguu ya nyuma, njano. Kwato nyeusi, moja imepasuka. Alikuwa hakai na wengine, anasimama tu peke yake, anaangalia barabara. Nikamwita Emoit."

Dereva alikuwa akipiga honi. Nilirudi, nikapanda kando ya Mama, na lori lilipouacha mji nikaifungua kompyuta nikayasimamisha masikio yake. Mama akasema imekufa zamani, haiwaki. Nikamwambia najua. Niliyaacha yamesimama hivyo hivyo njia nzima, kwa sababu ng'ambo mahali fulani yuko Riziki, niliyempa kazi ya kunijibu habari za Nareng, na sasa jibu ninalo mimi: mmoja, kijivu, tumbo la njano.